Jumapili ya Namba Witiri

Gari la Valeriu Cosma lilikuwa na rangi ya haradali, ingawa kwenye fomu aliandika jeupe. Alilingoja miaka sita. Siku aliyoitwa kwenda kulichukua, mwaka 1981, karani alimwambia jeupe linapatikana, ila angoje mwaka mwingine na nusu. Valeriu akasema haradali ni rangi nzuri, haionyeshi vumbi. Ndivyo tulivyofunzwa. Unapewa usichokitaka, halafu unakitafutia sifa wewe mwenyewe, na aliyekupa anakwenda kulala usingizi wa pono.

Alilitunza kama yai. Mifuko ya nailoni iliyotoka kiwandani na viti hakuivua, hivyo wakati wa joto mapaja yaliganda, na wakati wa baridi kila aliyegeuka alitoa mlio kama anakanyaga majani makavu. Kila jioni alichomoa vaipa akazipandisha hadi nyumbani, ghorofa ya nne, maana vaipa iliyolala nje ilikuwa ni ya mtu mwingine. Theluji ilipoanza alichomoa betri nayo, akaibeba mbali na koti kama mtoto aliyejinyea, akailaza jikoni karibu na jiko. Mkewe, Aurica, akawa anairuka kila akienda kusonga ugali. Alisema amesikia habari za wanaume wanaoleta mwanamke wa pili nyumbani, lakini angalau yule angeosha vyombo.

Mafuta yalikuwa lita ishirini kwa mwezi, na kuyapata ni kazi nyingine. Gari liliachwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta siku mbili, tatu, na wenyewe walikuja alfajiri kabla ya zamu kulisukuma kwa mikono, kwa sababu kuwasha injini ili usogee hatua kumi ni kula ulichokuja kutafuta. Kwenye mteremko watu walizima injini wakaacha gari litiririke lenyewe. Pale Bacău, mjini kwetu, magari yalisukumwa zaidi kuliko yalivyoendeshwa.

Kisha ikaja sheria ya Jumapili. Jumapili moja yatembee magari ya namba shufwa, zinazoishia na mbili, nne, sita. Jumapili inayofuata ya namba witiri, moja, tatu, tano. Atakayekutwa barabarani siku isiyo yake ang'olewe vibao vya namba na anyang'anywe leseni. Siku nyingine za juma ruksa kwa wote, lakini siku hizo, Jumamosi ikiwemo, watu walikuwa kazini, sasa nani angekwenda wapi? Namba ya Valeriu iliishia na saba.

Walioitunga sheria haikuwagusa. Magari yao meusi yalipita kila Jumapili, mapazia yamefungwa, na askari wa njia panda waliyapigia saluti. Watu hupenda kusema zilikuwa nyakati. Nyakati haziendeshi gari. Ndani ya yale magari walikaa watu wenye majina, na baadhi yao bado wako hai wanakula pensheni nono. Hilo lisisahauliwe. Ila hadithi hii si yao. Ni ya mwenye namba inayoishia na saba, aliyegundua kwamba hata sheria mbaya inaweza kumfaa mtu.

Baba yake, mzee Pantelimon, alihamia kwao baada ya kufiwa na mkewe huko uwandani. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa, asiyejua aiweke wapi mikono hiyo katika nyumba ya vyumba viwili. Duniani alibakiwa na mdogo wake mmoja, Ghervasie, aliyeishi milimani, kijiji cha Poiana Cerbului, kilomita sabini kutoka pale. Hawakuwa wamesemezana tangu mwaka 1958.

Mwaka huo waliokuja na karatasi za shamba la ushirika walimkuta Ghervasie amelazwa hospitali kwa maradhi ya mapafu. Walikaa na Pantelimon siku tatu, mmoja akitoka mwingine akiingia, mpaka akatia saini. Alitoa shamba lake. Alitoa pia farasi jike waliyeachiwa na marehemu baba yao, aliyekuwa wa wote wawili. Kule ushirika waliambiwa matrekta yanakuja, farasi hawana kazi, na wakachinjwa mwezi ule ule. Matrekta yalikuja baada ya miaka minne. Ghervasie alipotoka hospitali alikuta zizi limefagiliwa safi. Hakugomba. Alifunga mzigo akahamia kwa wakwe zake milimani, ambako mashamba yameinama kama paa na ushirika haukuwa na hamu nayo, na hakushuka tena.

Mwezi wa Oktoba, 1984, ikaja postikadi kutoka kwa Saveta, binti wa Ghervasie. Aliandika: baba mkubwa, baba hajazidiwa wala hajapata nafuu, anakohoa sana, na juzi kaniuliza kama bado uko hai. Nikamwambia uko hai. Akasema, basi mbona haji.

Mzee aliisoma amesimama, akaisoma tena karibu na dirisha. Kisha akamwambia mwanawe, "Nipeleke."

Hakuna njia nyingine. Basi la milimani lilifutwa kwa kukosa mafuta. Treni iliishia bondeni, na kutoka hapo ni kilomita kumi na nane za kupanda, na mzee ana miaka sabini na minne na goti lisilokunjika vizuri. Gari lilikuwa chini ya dirisha, limefunikwa turubai.

Valeriu alisema sawa, Jumapili. Jumapili hiyo haikuwa yake. Iliyofuata ilikuwa yake, lakini gari lilikuwa kwenye foleni ya mafuta, na lori la mafuta halikufika mpaka Jumatatu. Kisha Jumapili ya namba shufwa tena. Kisha yake, na mvua ikanyesha, na yeye akasema klachi inateleza, barabara ya kule ni mawe matupu, hawatafika. Mzee alisikiliza kila sababu akiitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayepokea salamu za rambirambi. Hakubisha. Pengine angebisha mambo yangekwenda vingine.

Klachi haikuwa inateleza. Na ndani ya stoo, nyuma ya mapipa ya kabichi ya chumvi, palikuwa na dumu la lita kumi na tano, jambo lililokatazwa, ambalo kila jengo lilikuwa nalo. Mafuta yale Valeriu aliyaweka kwa safari ya baharini mwezi wa Agosti. Alikuwa hajawahi kuiona bahari kwa gari lake mwenyewe. Zaidi ya hayo aliogopa mawe ya Poiana Cerbului. Jiwe moja likigonga ekzosi, ekzosi nyingine ni mwaka mzima wa kungoja. Hayo hakumwambia mtu. Kwa nini ayaseme, na sheria ilikuwa inamsemea?

Jirani yao wa ghorofa ya pili, Ilarion Bejan, alikuwa fundi wa lifti katika jengo ambalo lifti yake ilikufa mwaka 1979. Namba ya gari lake iliishia na nne. Kabla ya Krismasi alimsimamisha Valeriu kwenye ngazi akasema Jumapili ijayo ni yangu, nimchukue mzee? Valeriu alimshukuru, akasema haitakuwa vizuri, mzee ataona aibu kubebwa na mtu baki na mwanawe ana gari. Mzee hakuulizwa kama ataona aibu. Mwenye kuona aibu alikuwa Valeriu, na aibu yake ikavalishwa mzee kama koti la kuazima.

Jumapili ya tarehe sita Januari ilikuwa ya namba shufwa. Jumatano yake ikatangazwa redioni kwamba kwa sababu ya theluji magari yote ya watu binafsi yasimame mpaka litakapotoka tangazo lingine. Mzee alikuwa mezani. Aliuliza, "Mpaka lini?" Valeriu akasema mpaka watakaposema. Ilikuwa raha ya namna fulani kulitamka neno hilo, na ndiyo maana lilimkaa rohoni baadaye kuliko mengine.

Jumapili tisa zikapita. Mzee alishinda jikoni, miguu kando ya betri, akimenya viazi kwa maganda membamba kuliko ilivyohitajika. Postikadi aliiweka juu ya redio. Saveta aliandika mara moja tena, kwamba baba anauliza kuhusu theluji ya huko kwenu.

Alhamisi ya katikati ya Machi zuio likaondolewa. Kuanzia Jumapili ya tarehe kumi na saba utaratibu wa zamani urudi, tangazo likasema, na likaishia hapo. Halikusema Jumapili hiyo ni ya nani.

Mtu wa mahali pengine atacheka. Sisi hatukucheka. Jioni ile wenye magari walishuka uani mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kumwaga taka, wakasimama wakibishana. Ilarion alikuwepo na mikono mfukoni. Gari lake wakati wa Februari liliibwa magurudumu yote manne, sasa limekaa juu ya matofali, kwa hiyo hakuwa na la kupoteza.

"Theluji ilisimamisha kila kitu," alisema. "Jumapili ya mwisho ilikuwa yangu. Inayokuja ni yako, Valeriu. Hata kuku angeihesabu."

Valeriu kazi yake kiwandani ilikuwa mtunza saa, mtu anayekaa mlangoni na kuandika nani kachelewa dakika ngapi. Alikuwa amekwisha kutia alama kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia jikoni, Jumapili kwa Jumapili, hata zile za zuio.

"Tangazo lilisema magari yasimame," akajibu. "Halikusema hesabu isimame. Jumapili ziliendelea, bwana. Tulizila."

"Tulizila na nini? Hata siagi haikuwepo."

Watu wakacheka chini chini. Valeriu akawahesabia kwa vidole: sita Januari shufwa, kumi na tatu witiri, ishirini shufwa, mpaka akafika Machi kumi na saba, shufwa. Wengine wakashawishika. Wengine wakasema Ilarion yuko sahihi. Mmoja akasema kila mtu abaki nyumbani, ndiyo salama zaidi, na hakuna aliyemcheka.

"Kaulize kituoni," Ilarion alisema.

"Nikaulize nini?"

"Kwamba Jumapili ni ya nani."

"Wataniuliza nakwenda wapi."

Hilo kila mtu alilielewa. Aliyeuliza aliandikwa jina, na aliyeandikwa jina alikuwa na safari. Mji mzima ulikuwa na swali moja, jibu liko mita mia tatu kutoka pale, kwa askari aliyekaa akinywa chai ya maua, na mji mzima ukaamua kukisia. Walituogopesha, kweli. Lakini kutoka pale uani mpaka kituoni hapakuwa na mtu aliyetuzuia njia.

Watu walipoanza kupanda, Ilarion alimshika Valeriu mkono. "Nipe ufunguo mimi. Nitampeleka mzee. Wakinikamata nitasema nimeliiba."

"Na mimi nitasema nini?"

"Utasema ahsante."

Valeriu akacheka, akasema usiku mwema.

Jumapili ile mzee aliamka kabla ya jua. Valeriu alipotoka chumbani alimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, koti limefungwa vifungo vyote, kofia magotini, na begi lenye mkate mtamu wa karanga aliouoka Aurica na chupa ya pombe ya plamu. Alikuwa amenyoa. Shavuni palikuwa na kipande cha gazeti alipojikata.

Valeriu akamweleza. Akaileta hata kalenda, akamwonyesha alama. Leo ni ya shufwa, baba. Jumapili ijayo ndiyo yetu, bila wasiwasi.

"Ilarion anasema ni leo," mzee alisema.

"Ilarion hana magurudumu."

Mzee hakuvua koti. Aliinuka, akafungua mlango wa roshani, akasimama kwenye baridi akitazama chini, kwenye njia panda. Ilikuwa kama saa moja na nusu asubuhi. Valeriu akamfuata na shali ya mkewe akamtupia mabegani. Macho ya mzee hayakufika chini vizuri, aliona magari lakini namba hakuziona.

La kwanza lilikuwa jeusi lenye mapazia, halihesabiki. Baada yake barabara ikabaki tupu kwa muda mrefu, mpaka likaja jekundu dogo, likapunguza mwendo pale chini.

"Imeishia na ngapi?" mzee akauliza.

"Tano," Valeriu akasema. "Atakuwa daktari. Madaktari wana kibali."

Likaja la pili. Namba iliishia na tatu. Huyo atakuwa mtu wa serikali, Valeriu akasema, wanavaa kiraia siku hizi. Sauti yake ilikuwa bado imara. Likaja la tatu, limefungwa ngazi na magunia juu ya paa, ndani familia nzima imebanana, na mtoto ameweka pua kwenye kioo. Liliishia na moja. Valeriu akasema siku zote wapo wajinga, watakamatwa wakifika darajani. Alipolisema hilo alikuwa amekwisha kujua. Alijua kama unavyojua kwamba umeacha moto jikoni. Ilikuwa bado mapema, kilomita sabini ni saa mbili, betri imechajiwa, dumu liko stoo, baba amevaa.

Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kusema nimekosea. Lakini hesabu yake alikuwa ameitetea kwa nguvu mno uani, mbele ya watu, vidole vikihesabu. Na mawe ya kule yalikuwa bado mawe. Na bahari.

La nne lilikuja polepole, jeupe, rangi aliyoitaka. Lilisimama kabisa pale njia panda kumpisha mwanamke na kigari cha mtoto.

"Hilo?" mzee akauliza.

Namba iliishia na tisa.

"Nane," Valeriu akasema. "Unaona? Nane."

Aurica alikuwa nyuma yao, ameshika kitambaa cha vyombo, na macho yake yaliona vizuri mpaka chini. Alimtazama mumewe. Kisha akarudi jikoni akafungua bomba la maji mpaka mwisho.

Mzee alikaa roshani dakika chache zaidi. Aliingia, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja kuanzia chini. Mkate akaurudisha mezani. "Basi muukate," alisema, "usije ukakauka."

Jumapili iliyofuata, ishirini na nne, njia panda ilijaa magari ya shufwa, na hapakuwa na haja ya mtu kueleza lolote. Mzee hakuiuliza ile "Jumapili ijayo" imekwenda wapi. Jumatano ikaja telegramu. Ghervasie amefariki alfajiri, maziko Ijumaa.

Kwa maziko kiwanda kilitoa ruhusa ya siku moja. Kwa kumwona mtu akiwa hai hakikuwa na fomu.

Waliondoka Ijumaa asubuhi, siku ya kazi, siku ya namba zote. Valeriu alimimina dumu lote kwenye tangi mbele ya macho ya mzee. Njia nzima nailoni ndiyo iliyozungumza. Walipoiacha lami na kuanza kupanda, Valeriu alishika usukani kwa mikono miwili, akingoja mawe. Hayakuwepo. Barabara ilikuwa imemwagwa kokoto na kushindiliwa tangu kiangazi kilichopita, kwa sababu mkubwa mmoja alijengewa nyumba ya uwindaji huko juu. Gari lilipanda kwa gia ya tatu, bila kuhema, mpaka langoni.

Ghervasie alilazwa chumba cha mbele, mshumaa mikononi. Alikuwa mdogo kuliko Valeriu alivyomfikiria, na masikio yake yalikuwa yale yale ya mzee Pantelimon, makubwa, yenye ncha iliyopinda. Mzee alivua kofia, akasimama pale muda mrefu. Hakulia. Alinyoosha mkono akaiweka sawa kola ya shati ya mdogo wake, kama unavyomweka sawa mtoto anayekwenda shule.

Saveta alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu hata katika msiba, na hakujua anamchoma nani. Akiwa anagawa sahani aliwaambia wageni jinsi mambo yalivyokuwa. Kwamba ile Jumapili ya kwanza ya magari, kijiji kilipata wageni wengi, kila mwenye ndugu mwenye namba witiri alitembelewa. Hata mwana wa jirani alikuja kutoka Bacău, na ngazi alizomnunulia baba yake juu ya gari. Baba aliposikia magari yanapanda, alitaka akalishwe langoni. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mito, alikaa toka kengele za kanisa mpaka jua linazama, na kila gari likija ananiuliza, Saveta, hao ni kina nani. Siku ile hakukohoa sana. Alikula vizuri.

Valeriu alitazama sahani yake. Alisubiri, na kitu alichokisubiri hakikuja chumbani. Kilikuja makaburini, watu walipokwisha kushuka na wao wawili wamebaki nyuma kwa ajili ya goti la mzee.

"Lile la nne," mzee alisema. "Jeupe. Lilikuwa na ngapi?"

Mtu anaweza kudanganya mara moja akiwa roshani. Kwenye udongo mbichi ulimi unakuwa mzito.

"Tisa, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia kila sababu tangu Oktoba. Wakashuka hatua kadhaa. Kisha akasimama ili apumzishe mguu.

"Nilikuwa na miguu mizuri miaka ishirini na tano," alisema. "Na basi lilikuwepo, kila siku, saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nalitazama likipita. Nikisema, acha yeye ndiye aje, ana hasira yeye. Halafu nikaja kukudai wewe Jumapili moja." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Usinibebee mzigo wangu, Valeriu. Lakini wako ubebe."

Hakurudi mjini. Alisema atakaa mpaka arobaini, Saveta ana kuni za kupasua na paa la banda linavuja. Valeriu alimwambia atakuja kumchukua siku hiyo. Mzee akasema, ukija utakuja.

Arobaini iliangukia Jumapili, tarehe tano Mei. Safari hii hapakuwa na ubishi uani. Kila mtu alijua ni ya shufwa. Valeriu alishuka na betri asubuhi, akafunga vaipa, akakunja turubai. Aurica alikaa mbele na sinia la ngano tamu ya marehemu magotini, na kikapu cha sadaka kati ya miguu. Ilarion aliwaona kupitia dirisha la ngazi.

Walisimamishwa darajani, mahali ambapo kila mtu alisema watu husimamishwa. Sajini alikuwa mtu wa makamo mwenye ukurutu shingoni. Alizunguka gari, akasoma namba ya nyuma, akarudi kwenye dirisha.

"Ndugu, leo si siku yako."

"Najua."

Sajini alishangaa kidogo. Pengine kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Wote husema walisahau, walihesabu vibaya, mke anaumwa. Valeriu alikuwa amekwisha kutoa leseni, ameiweka juu ya dashibodi, na bisibisi ya kufungulia vibao ameiweka kando yake, ili wasipoteze muda. Alikuwa amepanga kuacha gari pale pale na kwenda kwa miguu, na kwa siku kadhaa mpango huo ulikuwa umempa karibu furaha.

Sajini akatazama sinia. "Nani amekufa?"

"Baba mdogo. Leo arobaini yake."

Aurica, bila kuambiwa, akainama kikapuni, akatoa mkate mmoja na pakiti ya sigara, vile vitu vinavyogawiwa kwa jina la marehemu kwa yeyote aliye mlangoni. Akavipitisha dirishani na kumtajia jina, Ghervasie. Sajini akavua kofia. Akapokea kwa mikono miwili, akasema Mungu amlaze pema, akaweka sigara mfuko wa shati.

"Pita basi," alisema. "Safari nyingine mseme mapema kuna mgonjwa au msiba. Na sisi ni watu."

Tangu Oktoba mgonjwa alikuwepo. Valeriu hakuwasha gari. Alikaa akitazama mbele, mikono juu ya usukani. Nyuma yao lilikuja gari la namba shufwa, likapiga honi, likawapita. Sajini aligonga paa kwa vidole, kwa upole, akauliza kama limezimika, kama anataka kusukumwa. Aurica akasema halijazimika, ahsante. Akamgusa mumewe goti. Ndipo akageuza ufunguo.

Walipofika Poiana Cerbului mzee alikuwa juu ya banda, miguu imening'inia, misumari mdomoni. Aliwaona, akashuka ngazi taratibu, goti lile likienda pembeni. Alitazama namba ya gari, akamtazama mwanawe, na ilikuwa wazi anajua leo ni Jumapili ya nani. Akauliza darajani kulikuwaje.

Valeriu alisema hakukuwa na askari.